Mtoto Naye Ni Mfiwa

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii ni ya kweli, lakini inaacha swali moja nje. Uchungu wa mzazi aujuaye ni nani? Ni mwana. Na huyo mwana, katika misiba mingi ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga kushuka Kigoma mjini, Ujiji na vijiji vya kusini, hana mkeka wake. Wanaume hukaa nje chini ya turubai. Wanawake hukaa ndani, na mjane huwekwa katikati yao. Kamati ina daftari la rambirambi, kwaya ina zamu yake, mchungaji ana kiti chake. Mtoto hupelekwa kwa jirani akacheze, na akirudi mambo yote yamekwisha.

Makala hii ina hoja moja yenye pande mbili, nasi tutaisema wazi tangu mwanzo ili asiyekubaliana nayo ajue anabishana na nini. Upande wa kwanza: kumnyamazisha mtoto aliyefiwa, au aliyeumizwa ndani ya nyumba yake, ni desturi tu iliyovishwa kanzu ya imani. Upande wa pili: mojawapo ya njia ambazo Mungu ametupa za kumfungua mtoto kinywa ni hadithi, naam, hadithi ya kutungwa, ile ile ambayo baadhi ya waumini wanaiita uongo na kuifukuza nyumbani.

Tuanze na maneno yanayosemwa msibani. Neno la kwanza ni hili: "Usilie, Mungu amempenda mama yako zaidi." Anayesema ana nia njema. Lakini mtoto wa miaka sita husikia nini? Husikia kwamba Mungu ndiye anayewachukua watu, tena huwachukua wale anaowapenda. Basi usiku huo mtoto analala akiomba Mungu asimpende bibi yake. Tunawauliza wanaoitetea kauli hiyo: hiyo ndiyo Injili?

Neno la pili huambiwa watoto wa kiume: "Jikaze, wewe ndiye baba wa nyumba sasa." Aliyeambiwa bado hajui kufunga vizuri vifungo vya shati lake la shule. Anavishwa ubaba siku ile ile aliyopoteza baba, na machozi yake yanageuzwa kuwa aibu.

Neno la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo husemwa kwa sauti ya upole: "Baba amesafiri." Huu ni uongo mtupu. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Mara nyingi wanaousema ni wale wale wasiotaka riwaya ndani ya nyumba zao kwa sababu, wanasema, Mkristo hasomi mambo ya uongo. Riwaya humwambia msomaji wake tangu jalada kwamba imetungwa. "Baba amesafiri" haimwambii mtoto hivyo.

Tutunge basi hadithi fupi, nasi tunasema mapema kwamba ni ya kutungwa.

Yupo mtoto wa miaka minane, anaishi Katonga. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Nyakati za giza, mwezi usipokuwapo, baba huenda ziwani pamoja na wenzake, na mtoto hukaa mlangoni akitazama taa zilizopangana juu ya maji kama mji mwingine. Anaijua taa ya baba yake, au anadhani anaijua: ni ya tatu kutoka mkono wa kushoto. Usiku mmoja upepo mkali unavuma kutoka kusini. Mtumbwi unapatikana, baba hapatikani. Wakubwa wanalia, wanakaa matanga, wanatawanyika. Mtoto anaambiwa baba amesafiri kwenda Kalemie, atarudi. Unakuja mwezi mpevu, wavuvi wanapumzika, na ziwa halina taa hata moja. Kisha giza linarudi, na taa nazo zinarudi. Mtoto anahesabu: moja, mbili, tatu. Ya tatu ipo. Tangu hapo kila alfajiri anakutwa ufukweni peke yake, miguu imelowa, hasemi na mtu. Anaanza kukojoa kitandani. Shuleni hajibu anapoulizwa. Shangazi yake anasema ameitwa na jini la ziwa. Anapelekwa kwenye maombi, anakamatwa kichwa, anapigiwa kelele ili pepo atoke. Pepo hayupo. Yupo mtoto anayesubiri mitumbwi ishushe dagaa ili amwone baba yake akishuka, kwa kuwa watu aliowaamini walimwambia atarudi.

Mtoto huyo hayupo Katonga, tumemtunga. Lakini msomaji akiwa mkweli atakubali kwamba anamfahamu. Pengine yuko Kibirizi, pengine Bangwe, pengine yuko kwenye benchi la nyuma la shule ya Jumapili katika usharika wake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi. Tungehubiri dakika arobaini juu ya malezi, msomaji angeitikia "Amina" akaenda zake. Hadithi humfanya ahesabu taa.

Wala si sisi tuliobuni njia hii. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, baada ya mambo ya Bathsheba na Uria, hakuanza na mashtaka. Alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja na tajiri aliyemnyang'anya. Kondoo huyo hakuwako, maskini huyo hakuwako, lakini Daudi alikasirika kwa hasira ya kweli, na ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Bwana wetu mwenyewe aliwafundisha makutano kwa mifano. Hatusomi popote kwamba mtu alimwuliza Yesu yule mwana mpotevu alizaliwa kijiji gani, au jina la baba yake lilikuwa nani. Kila aliyewahi kuondoka nyumbani kwa ugomvi alijua habari hiyo inamhusu.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine. Mwaka 1530, wakati Ungamo letu liliposomwa mbele ya Kaisari kule Augsburg, Martin Luther alikuwa amekaa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa hakuweza kwenda barazani bila kuhatarisha maisha yake. Huko ndiko alikopata habari kwamba baba yake amefariki. Alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Mwezi huo huo wa Juni alimwandikia barua mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka minne, akamsimulia habari za bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, mahali ambapo watoto wanaopenda kusali na kujifunza huruhusiwa kuingia. Bustani hiyo haipo katika ramani ya Ujerumani. Aliitunga. Na katika ngome hiyo hiyo alianza kuzitafsiri ngano za Aesop, zile za wanyama wanaosema, kwa sababu aliona zina mafundisho kwa watu wa kawaida na watoto. Mwaka 1542 binti yake Magdalena alifariki mikononi mwake akiwa na miaka 13, na Mrekebishaji wa Kanisa hakujifanya jiwe. Alijua binti yake yuko salama, na bado alilia. Anayetuambia kwamba machozi na hadithi ni dalili za imani haba, na atuambie kwanza Luther alikuwa na imani ya nani.

Sasa tuvitazame vitabu vyenyewe. Vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na tangu 2022 tunacho kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ndani yake yumo Yusuf, mvulana wa miaka 12, anayechukuliwa na mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz. Wazazi hawamwambii kwa nini. Ukweli anaupata baadaye kwa kijana mwenzake, ambaye naye aliletwa hivyo hivyo: yeye ni rehani ya deni la baba yake. Yusuf husafiri na msafara wa biashara mpaka ziwa kubwa la bara na kulivuka.

Sisi wa Kigoma tukisoma habari hizo hatuhitaji ramani. Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, palikuwa kituo cha misafara ya pembe na ya watu. Watoto wa Manyema walivushwa ziwa hili na kuanza safari ya miguu kwenda pwani. Biashara ile ilikwisha. Lakini tuuangalie msiba wetu siku ile matanga yanapoanuliwa. Wazee wa ukoo wanakaa, wanahesabu sufuria, nyavu, baiskeli, mashamba ya michikichi, kisha wanahesabu watoto. Huyu aende kwa mjomba Kasulu, huyu kwa shangazi Mwandiga, huyu mkubwa anafaa kusaidia ziwani. Ndugu wanne waliolala kitanda kimoja wanatenganishwa jioni moja, na hakuna aliyewauliza neno. Hatusemi kwamba kumlea yatima ni vibaya. Ni agizo la Mungu, na wapo wajomba na mashangazi wanaotoa roho zao kwa watoto hao. Tunasema kwamba mtoto asiyeulizwa wala kuambiwa hujihesabu kuwa mzigo, kama Yusuf. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayohusu maisha yake. Je, Kanisa limsikilize mtoto kidogo kuliko Bunge?

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Mambo yake yanaanzia Ukerewe, katika nyumba yenye picha za dini na baba mlevi. Rosa anapigwa na baba yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Anakua akiwa na hofu ya baba badala ya malezi, na akitoka mikononi mwake hajui kujilinda. Mwisho anajiua. Kitabu hiki kilipata kupigwa marufuku shuleni, na hadi leo wapo wanaosema kijana Mkristo asikiguse.

Hapa tunawajibu wazi. Yanayosimuliwa na Kezilahabi kuhusu nyumba ile ni mapole kuliko yanayosimuliwa katika 2 Samweli 13. Hapo Tamari, binti wa mfalme, ananajisiwa na ndugu wa baba mmoja. Kaka yake Absalomu anamwambia anyamaze, asilitie moyoni jambo hilo. Baba yao Daudi anakasirika sana, na hasira yake inaishia hapo. Hamwadhibu mtu, hamfariji binti. Tamari anabaki ukiwa nyumbani mwa kaka yake, na baada ya miaka miwili damu inamwagika. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuiweka habari hiyo katika Maandiko. Sisi ni nani hata tuone aibu kuisoma, au kuisoma habari ya Rosa? Yule binti wa kipaimara ambaye baba mdogo humwingilia usiku hatafungua kinywa mbele ya baraza la wazee. Lakini akisoma habari ya binti mwingine anaweza kusema, "Mama mchungaji, huyu wa kwenye kitabu, mimi pia." Na hapo ndipo tunapojua tumpeleke kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi, badala ya kuyamaliza "kifamilia" kama alivyotaka Absalomu.

Cha tatu kimetoka ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama Mnyarwanda na baba Mfaransa, naye aliikimbia Burundi akiwa mtoto. Mwaka 2016 alitoa riwaya kwa Kifaransa, Petit Pays, yaani Nchi Ndogo. Mtoto Gabriel anaishi Bujumbura, kando ya ziwa hili hili tunaloogelea. Vita vinaingia mtaani, na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yanaingia nyumbani kupitia mama yake, aliyekwenda Rwanda akakuta watoto wa jamaa zake wamekufa. Mama anarudi akiwa si yule. Usiku anamwamsha binti yake mdogo na kumsimulia alichokiona. Mtoto anabebeshwa maiti ambazo hakuziona. Gabriel naye anapata pumzi mahali pamoja: kwa jirani, mama mzee mwenye kabati la vitabu, anayemwazima kimoja baada ya kingine.

Habari hii ni yetu. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kanisa letu linaijua kazi hii, kwa kuwa shirika letu la TCRS limewahudumia wakimbizi tangu 1964. Mahema yaligawiwa, maji yaligawiwa, unga uligawiwa, na tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini mtoto aliyeshuka Liemba akiwa ameshika kandambili moja ya mama yake alihitaji pia mtu wa kukaa naye na kusema: "Nisimulie. Au ukishindwa, tutunge habari ya mtoto mwingine aliyepanda meli." Huduma hiyo haihitaji lori wala bajeti.

Zipo hoja zinazoletwa dhidi yetu, nazo tunaziheshimu kwa kuzijibu.

Wapo wasemao: sisi tuna tumaini la ufufuo, kwa nini tuwaliache watoto? Tunajibu kwamba Paulo anapowaandikia Wathesalonike habari za waliolala hawakatazi kuhuzunika. Anakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Na Bwana Yesu, aliyejua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini, alilia kwanza. Kama Yeye aliye Ufufuo na Uzima alilia, yatima wa darasa la pili amekosa nini?

Wapo wasemao: ukimkumbusha mtoto unamwongezea majonzi. Wanadhani amesahau kwa sababu anacheza. Mtoto hulia kwa vipande. Atacheza kombolela saa nzima, kisha atauliza kama marehemu anasikia baridi huko chini. Asipopata wa kumwuliza, swali halipotei. Linageuka tumbo kuuma, ugomvi shuleni, ukimya.

Wapo pia wasemao kwamba tunadharau maombi ya kufungua watu. Hatudharau maombi, tunaishi kwayo. Tunachopinga ni kumkemea pepo ndani ya mtoto ambaye hakuna aliyemwuliza kama amekula, kama analala, kama amemwona mama yake akizikwa. Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto wasimfikie. Hatusomi kwamba aliwahi kumkasirikia mtoto mwenye huzuni.

Basi tunaitaka sharika ifanye nini? Kwanza, mtoto aambiwe ukweli kwa neno lake: amekufa. Aambiwe na mtu anayempenda, akiwa amemshika mkono, na akitaka kwenda makaburini apelekwe. Pili, katika kila msiba wazee wa kanisa wamteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni watoto wa marehemu tu, aketi nao, ale nao, na awarudie baada ya mwezi mmoja na baada ya mitatu, wakati turubai limekwisha kurudishwa na wageni wamekwenda. Tatu, kabla ukoo haujawagawa watoto, mchungaji au mwinjilisti awepo na aombe jambo moja: waulizwe wao. Nne, shule ya Jumapili iwe na saa ya hadithi. Walimu wawaache watoto watunge, wachore, waigize, bila kusahihishwa kila sentensi. Tano, kila usharika uwe na rafu ya vitabu, hata kama ni sanduku la sabuni lenye vitabu kumi, na vya wakubwa wavisome wakubwa kwanza wakiwa na vijana wa kipaimara, wavijadili pamoja.

Katika Mwanzo 21 Hajiri na mwanawe Ishmaeli wamefukuzwa nyumbani kwa ugomvi wa wakubwa. Maji yamekwisha. Mama anamlaza kijana chini ya kichaka, anakwenda kukaa mbali ili asimwone akifa, na anapaza sauti yake kulia. Msomaji anategemea kusikia kwamba Mungu alimsikia mama. Maandiko yanasema alimsikia kijana. Tena alimsikia pale pale alipokuwa amelazwa, kabla hajafikishwa mahali pazuri zaidi. Kisha malaika alimwambia mama ainuke, amwinue mwanawe, amshike mkono. Agizo hilo lilikuwa kwa mtu mzima. Tunaamini ni agizo letu pia, na msiba wa kulitekeleza hauko mbali.